Hema kwenye Uwanja wa Omena

Ukifungua mfuko wa hema letu la zamani, harufu tatu hukutokea moja baada ya nyingine. Ya kwanza ni ya turubai lililokaa gizani muda mrefu. Ya pili ni ya moshi wa kuni. Ya tatu hungoja kidogo, hadi uanze kujiambia kwamba safari hii imeisha, ndipo inajitokeza: omena. Nimelifua hema hilo mara tatu kwa mikono yangu. Nimelianika nyuma ya nyumba kutwa nzima. Mume wangu aliwahi kulisugua kwa maji ya ndimu, tukapata hema linalonuka omena yenye ndimu.

Nitakueleza harufu hiyo iliingiaje, maana ilinichukua miaka mingi kuielewa yote.

Wazazi wangu walitoka Murang'a wakaja Kisumu kabla sijazaliwa. Baba aliuza vipuri vya magari mjini, na Mama alishona sare za shule kwenye sebule yetu kule Migosi. Walizoea mengi ya Kisumu: joto, mbu, salamu ndefu za barabarani. Samaki tu ndiye hawakumzoea. "Ananitazama," Mama alikuwa akisema, na kwa hiyo samaki alipikwa kwa jirani yetu, Mama Adhiambo, si kwetu.

Hema tuliachiwa na mteja wa Baba aliyekuwa anahamia Nairobi. Baba alilikunjua uani, akalizunguka mara mbili, akatangaza kwamba likizo ya Agosti tungelala nje, ufuoni, familia nzima. Mama Adhiambo alikuja akasimama mikono kiunoni.

"Baba Shiro," alisema (Shiro ni mimi, Wanjiru), "uko na nyumba nzuri hivi, halafu unapeleka watoto kulala kwa nyasi? Nyumba imekukosea nini?"

"Wanahitaji hewa, Mama Adhiambo."

"Hewa hata hapa iko. Ama ya huko iko na sukari?"

Nilikuwa na miaka kumi, na ndugu yangu Kamau mitano. Tuliondoka Alhamisi kwa pikapu ya Baba hadi ufuo mdogo ulio kwenye njia ya kwenda Port Victoria. Kati ya nyumba chache za mabati na maji palikuwa na uwanja wa nyasi fupi, uliofagiliwa vizuri, bila mwiba wala jiwe. Mashua zilikuwa zimevutwa nchi kavu. Wanaume walikuwa wakishona nyavu zao polepole, kama watu wasio na haraka. Baba aliwauliza kama tunaweza kukaa hapo siku chache, wakamjibu, "Karibuni, ufuo ni mkubwa." Alishangaa kwamba mahali pazuri namna ile hapakuwa na mtu. Tukapiga hema katikati kabisa.

Hapa kuna jambo ambalo sisi hatukulijua, nawe pengine hulijui, kwa hiyo tusimame kidogo. Omena ni samaki wadogo kama kidole cha mtoto. Huvuliwa usiku kwa taa: taa inaelea juu ya maji, omena wanaifuata, wavuvi wanawazingira kwa wavu. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haina kazi, kwa sababu ziwa lote linang'aa. Basi siku za mwezi mpevu mashua hupumzika, na wanawake wanaoanika omena hupumzika pia. Sasa, Baba naye alikuwa ametazama kalenda akachagua wiki hiyohiyo ya mwezi mpevu, ili mimi na Kamau tusiogope giza. Yaani uwanja ule ulikuwa mtupu kwa sababu ileile iliyotuleta sisi.

Ijumaa, Baba na Mama walikwenda dukani na Kamau, nikabaki naosha vikombe. Akaja mama mmoja mrefu, amefunga kitambaa cha manjano kichwani. Wenzake walimwita Mama Akoth.

"Nyathina," akaniita, yaani mwanangu. "Mama ako wapi?"

Nikamwambia.

"Basi akirudi umwambie hivi. Mwezi sasa unachelewa kutoka. Jumapili jioni watu wanaingia ziwa. Jumatatu asubuhi nitaanika omena, na hapa mko ni mahali pangu. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Rudia."

Nikarudia neno kwa neno, hata sauti yake. Akacheka. "Uko na kichwa mzuri," akasema, akaenda zake.

Ujumbe ule sikuufikisha. Sikuwa na nia mbaya. Tulikuwa tumepanga kuondoka Jumapili baada ya chakula cha mchana, na Jumatatu yake ingetukuta Migosi. Kwa akili yangu ya miaka kumi, hapakuwa na haja ya kumwambia mtu aondoke mahali ambapo anaondoka.

Jumapili mchana, Baba alikuwa amekaa chini akiegemea gurudumu la pikapu, miguu bila viatu. Sikuwahi kumwona mtu yule bila viatu mchana. Akasema, "Tukae mpaka kesho. Fundi wangu atanifungulia duka." Kamau akaruka. Mama akatazama vidole vyake, ambavyo kwa siku nne havikuwa vimeshika sindano, akasema hana neno.

Hapo ndipo ujumbe uliponirudia. Maneno yote yalikuwa kichwani, yamepangwa, tayari kutoka. Lakini nilijua kwamba yakitoka tu, ile siku ya nyongeza ingeondoka nayo. Nikaenda kuokota kuni. Niliokota kuni nyingi mno, hadi Mama akaniuliza kama tunapikia harusi.

Jioni ile mashua zilisukumwa majini moja baada ya nyingine, kila moja na taa zake. Baba alisema, "Mnaona? Tungeondoka hatungeona haya." Mimi nikasema nina usingizi.

Sasa tufike siku yenyewe, ile ya mwisho.

Nilipoamka Jumatatu jua lilikuwa limeshaingia kwenye turubai, na ndani ya hema palikuwa na rangi ya majani mabichi. Nikasikia watu wakizungumza nje, kwa sauti za chini, kama wanavyozungumza watu nje ya chumba cha mgonjwa. Nikachungulia kwenye upenyo wa mlango. Wanawake watatu walikuwa wameketi kwenye nyasi, miguu wameinyoosha. Mmoja alikuwa na kitambaa cha manjano. Nyuma yao kulikuwa na makarai yaliyofunikwa kwa magunia, na nyavu kuukuu zimekunjwa.

Nilirudi nikalala kifudifudi. Nikajifanya bado nimelala.

Baba alitoka wa kwanza. Nikamsikia akisalimu kwa Kijaluo chake cha dukani, nao wakaitikia kwa furaha. Kisha akaingiza kichwa ndani ya hema, uso umechangamka.

"Mama Shiro, amka. Majirani wamekuja kutuaga."

Mama akafunga leso haraka, akatoka, akaona wageni watatu wamekaa chini asubuhi, akafanya kile ambacho mama yeyote wa Murang'a angefanya: akawasha moto wa chai. Chai yenyewe ilikuwa ya kupikwa na maziwa, na maziwa yalikuwa ya kutafutwa, kwa hiyo nikatumwa kwenye nyumba za mabati na chupa. Nilikimbia kwenda na kurudi. Baba alidhani ni bidii.

Wanawake wale walikunywa chai. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mtu amekupikia, amekupa kikombe kwa mikono miwili, anakuuliza habari za watoto wako. Unakunywa, unajibu, unauliza habari za watoto wake. Mama alisema ufuo wao ni mzuri. Mama Akoth alisema Murang'a pia lazima ni kuzuri, ingawa ni baridi. Mmoja wa wenzake, mfupi, mwenye sauti nzito, alimwuliza Baba kama ni kweli kwao watu wanakula mahindi na maharagwe hadi siku ya Krismasi, wote wakacheka, Baba akacheka kuliko wote. Jua likapanda. Nzi wakaanza kuzunguka magunia. Kila baada ya muda Mama Akoth alitazama juu, mara moja, halafu alirudisha macho kwenye kikombe.

Mara mbili macho hayo yalinipitia mimi. Mara zote mbili niligeuka nikatazama mashua.

Baba alipomaliza kikombe chake cha pili alianza kung'oa vigingi. Nikashukuru. Lakini Baba alikuwa na sheria zake, na sheria yake ya kwanza kuhusu hema ilikuwa kwamba halikunjwi likiwa na umande. Turubai lenye maji linaota ukungu, ukungu unakula nyuzi, na mwaka unaofuata unalala chini ya matundu. Hilo ni kweli, nami nawafundisha wanangu vivyo hivyo. Basi akalivuta, akalitandaza lote chini, upande wa ndani ukitazama juu, akajaza uwanja mzima.

"Tuliache saa moja na nusu," akasema, "likauke vizuri."

Nilishika pembe moja nikaanza kulikunja.

"Shiro! Nimesema nini?"

"Limeshakauka, Baba."

"Limekauka wapi? Gusa hapa."

Nikagusa. Lilikuwa limelowa kama nguo iliyotoka kwenye beseni. Nikaendelea kukunja. Baba akanishika mkono, akaniuliza nina haraka ya kwenda wapi mtu ambaye jana alikuwa akitaka kukaa. Nilisimama na ile pembe ya turubai mkononi, maji yakinitiririka hadi kiwiko, na ujumbe wote umenijaa mdomoni.

Ni Mama aliyetuokoa, bila kujua. Alikuwa anakusanya vikombe, akapita karibu na makarai, akaona magunia yanavyotembea kwa nzi.

"Mama Akoth, hizi omena mnapeleka wapi?"

"Hapa."

"Hapa wapi?"

Mama Akoth hakunyoosha kidole. Alisogeza kidevu kidogo tu kuelekea hema la Baba, kwa adabu, kama mtu anayeogopa kuligonga.

Baba akatazama uwanja uliofagiliwa. Akatazama zile nyavu kuukuu. Niliona anaelewa kidogokidogo, kuanzia kipaji cha uso kushuka chini. "Mmefika hapa saa ngapi?"

"Mapema," yule mfupi akasema.

"Mapema gani?"

"Mapema ya omena."

"Ngai!" Mama akashika mdomo. "Mbona hamkutuamsha?"

"Mtu unaamsha aje mgeni?" Mama Akoth akajibu. Alilisema kama swali la kweli.

Baba alikuwa amefedheheka kabisa. "Lakini mama, tumekaa hapa tangu Alhamisi. Ungetuambia tu, neno moja, tungehama siku hiyohiyo. Mbona hukutuambia?"

Basi Mama Akoth akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama jinsi mtu anavyotazama kitu alichokiweka mahali akakikuta palepale. Nilitamani nyasi zifunguke. Kamau alikuwa akila mkate. Mtu alikuwa akitoa maji ndani ya mashua moja kwa kopo, nami nikasikia kila kopo.

"Aa, Baba Shiro," akasema, "nilisahau. Hii kichwa yangu, we wacha tu."

Yule mfupi alifungua mdomo, Mama Akoth akamwambia kitu kwa Kijaluo, kifupi, akaufunga.

Baada ya hapo hakuna aliyekaa. Baba alivunja sheria yake. Tulilisokota hema likiwa limelowa, pamoja na nyasi, magamba ya samaki na vumbi la uwanja ule, tukalitupa nyuma ya pikapu. Mama akavua viatu, akasaidia kutandaza nyavu. Alizimwaga omena kwa mikono yake mwenyewe, akizitawanya kama walivyomwonyesha, zisilaliane, na sikumsikia hata mara moja akisema zinamtazama. Mimi nilikuwa natandaza upande wa pili. Zilikuwa zimeanza kupata joto ndani ya karai na kulegea. Nilifikiri samaki wote huwa hivyo.

Tulipokuwa tunaingia kwenye gari, Mama Akoth alikuja na mfuko mdogo wa omena kavu, zilizoanikwa kabla ya mwezi mpevu, nyeupe kama fedha. Hakumpa Mama. Alizunguka hadi nyuma ya pikapu, nilikokuwa nimepanda kukaa na mizigo chini ya kifuniko cha turubai, akauweka mapajani mwangu.

"Hii ni yako," akasema. "Usome sana."

Kamau alilala mbele, mapajani mwa Mama. Mimi nilirudi Kisumu nikitazama nyuma, peke yangu na hema lililolowa. Kwa hiyo ni mimi niliyeiona mvua. Ilianza kama ukuta wa kijivu upande wa ziwa, kule tulikotoka, mchana haujafika mbali. Kisha ikatufuata barabarani, ikatufikia, ikapiga kifuniko kwa kishindo. Baba alipunguza mwendo, akafungua kioo akapaza sauti ili nimsikie:

"Shiro! Tumebahatika! Tumeondoka kabla ya mvua!"

Nilikuwa nimekumbatia ule mfuko ili usilowe.

Nyumbani, Mama aliutazama kwa huruma, akasema atampa Mama Adhiambo kwa ajili ya kuku wake. Nikaanza kulia. Mama hakuelewa, hata mimi sikuelewa vizuri. Mama Adhiambo mwenyewe, alipoletewa, aliingiza mkono mfukoni akazitoa chache, akazinusa.

"Kuku? Omena kama hizi? Wacha mchezo, Mama Shiro! Lete sufuria."

Akazipika jikoni kwetu, siku hiyohiyo. Aliziosha kwa maji ya moto, akazikaanga hadi zikalia, akatia kitunguu na nyanya, mwisho maziwa kidogo. Nilikaa mezani nikala sahani nzima, na vichwa vyake na macho yake. Zilikuwa na uchungu kidogo ambao leo naupenda, lakini siku ile nilizimeza kama dawa, na hakuna aliyejua ni dawa ya nini. Mama alikula moja, amefumba macho. Baadaye akala ya pili, amefumbua.

Niliyaelewa mengine nikiwa mtu mzima, nikiwa na kikapu changu sokoni. Muuzaji alikuwa na marundo mawili. Moja lilikuwa jeupe, linang'aa. La pili lilikuwa la hudhurungi, limevunjikavunjika. Nikamwuliza kwa nini hili liko hivi.

"Hizo zilinyeshewa," akasema. "Omena inataka jua moja zima, kutoka asubuhi. Ikichelewa kutandazwa, halafu mvua ipige, watu hawali tena. Hizo ni za kuku."

Nilisimama pale muda mrefu hadi akaniuliza kama nachukua au sichukui. Nilikuwa nikihesabu saa za asubuhi ile: usingizi wetu, maziwa, chai, kikombe cha pili cha Baba, umande. Makarai manne, labda matano. Mama Akoth alijua tangu alfajiri, kila alipotazama juu, nini kinamtoka. Na alipoulizwa mbele ya baba yangu, alijitwika lawama yeye.

Agosti iliyopita nilipeleka wanangu kwenye ufuo uleule. Kabla ya kushusha hema nilikwenda kwenye zile nyumba za mabati kuuliza. Mama Akoth alifariki zamani, wakaniambia. Uwanja wake sasa ni wa binti yake, huyo Akoth mwenyewe, mtu mzima kunizidi. Nilimkuta amepiga magoti, anageuza omena kwa ufagio. Nikamwambia sisi ndio wale wa hema, miaka ile.

Akaketi chini kwa kicheko. "Watu wa chai! Ni nyinyi? Mama alisimulia hiyo mpaka tukaijua kwa moyo! Jinsi baba yako alitandaza hema yote chini, na wao wamekaa tu, wanakunywa chai! Alikuwa anaigiza mpaka kunyanyua kikombe."

"Na mtoto?" nikauliza.

"Mtoto gani?"

"Hakusema habari za mtoto?"

Akafikiri. "Hapana. Alikuwa anasema yeye alisahau kuwaambia. Kwani kulikuwa na mtoto?"

Nikapiga magoti kando yake. Nikamwambia kulikuwa na mtoto wa miaka kumi aliyepewa ujumbe, akaurudia neno kwa neno, na hakuufikisha. Akoth aliacha kufagia. Alinitazama kwa muda, na kwa mara ya kwanza nikaona anafanana na mama yake.

"Bado unaukumbuka?"

"Wote."

"Basi sema. Mimi ndiye niko hapa sasa."

Nikausema. Mwezi sasa unachelewa kutoka. Jumapili jioni watu wanaingia ziwa. Jumatatu asubuhi nitaanika omena, na hapa mko ni mahali pangu.

"Nimesikia," akasema, akanisukumia ufagio wa pili.

Hema tulilipiga mbali, nyuma ya miamba, penye siafu.